Sauti ya kufuta sauti: je, ukuta unaharibu?

Hedifoni zangu zinafuta muungurumo wa basi kabisa. Mbona hakuna spika ya mezani inayonyamazisha chumba kizima?

Hedifoni inashughulikia nafasi ndogo sana, sentimita chache kutoka sikioni. Chumbani sauti ileile inakufikia mara nyingi: yenyewe, halafu ikitokea sakafuni, darini, dirishani, kila moja kwa wakati wake. Spika ikitoa wimbi la kinyume, yaani linalopanda pale la kelele linaposhuka, linafuta pale tu lilipolengwa. Kwenye chumba chenye mwangwi, eneo la utulivu huwa na upana wa karibu sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi: sentimita 34 kwa sauti ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), tatu na ushee kwa hezi 1,000. Geuza shingo tu, umetoka.

Jenereta yangu ya dizeli iko uani, karibu na ukuta wa tofali. Nikiiwekea spika ya kufuta sauti, ukuta utanikwamisha?

Kwanza badilisha sailensa kama imeoza. Ni rahisi zaidi. Baada ya hapo, jibu liko kwenye mahali utakapoweka vifaa. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hunguruma hasa kwenye hezi 50, wimbi la karibu mita 7. Spika ikikaa jirani kabisa na mdomo wa ekzosi, ukuta hauna neno: unarudisha sauti zote mbili, nazo zinafutana hata zikirudi. Ukiitenga mita tatu au nne, zitafutana upande mmoja na kuongezeana upande mwingine.

Mtego hasa ni maikrofoni inayopima kelele iliyobaki. Mita 1.7 kutoka ukutani, yaani robo ya wimbi, sauti inayokwenda ukutani na inayorudi zinapingana zenyewe. Maikrofoni ikiwekwa hapo haisikii kitu cha maana, mtambo unaona kazi imekwisha, na jirani bado hajalala. Afadhali uibandike ukutani kwenyewe, ambako mgandamizo wa sauti hukaribia maradufu.

Nikibandika trei za mayai ukutani?

Hapana. Wimbi la mita 7 halizioni.

Gari limejaa vioo na bati. Mbona humo kufuta sauti kunawezekana?

Kwa sababu gari ni dogo. Muungurumo wa chini una mawimbi marefu kuliko gari lenyewe, hivyo sauti haina namna nyingi za kujipanga ndani, na spika chache za milangoni zinaimudu. Sauti nyembamba, kama mluzi wa upepo dirishani, huachiwa raba na sponji.