Maua Yanayostahimili Jangwa: Maswali na Majibu

Kwangu mvua ni ya kubahatisha na jua linachoma kutwa. Nianze na maua gani?

Anza na bogonvilia, waridi la jangwani na mishubiri. Bogonvilia ikishashika mizizi huhimili kiangazi kirefu. Mshubiri hufungua matundu ya majani yake usiku, joto likishapungua, kwa hiyo haupotezi maji mengi. Ninalolipenda zaidi ni waridi la jangwani, linaloweka akiba ya maji kwenye shina lake nene. Libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu, liache. Likibonyea na udongo ni mkavu, lina kiu. Likibonyea na udongo umelowa, linaoza, na hapo kuongeza maji ni kulimaliza.

Niliambiwa mimea hii haitaki maji, lakini miche yangu yote imekauka. Kwa nini?

Uliambiwa nusu ya habari, na inauma kuona miche ikifa hivyo. Mche ukitoka kitaluni, mizizi yake yote imo ndani ya lile donge la udongo wa kiriba. Haujafika chini kwenye unyevu. Mwaka wa kwanza ni lazima umwagilie, tena kwa kushibisha: maji mengi kwa mara moja, kisha uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi hubaki juu juu na jua huikaanga. Baada ya kumwagilia, chomeka kijiti. Kikitoka kikavu kwenye kina cha sentimita 20, bado hujamwagilia.

Panda mvua zinapoanza au joto linapopungua, kamwe si katikati ya kiangazi. Kama mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, ifumue taratibu kabla ya kufukia. Tandaza kokoto unene wa sentimita 5 hivi, lakini zisiguse shina.

Bogonvilia yangu ina majani tele, maua hakuna.

Unaidekeza. Punguza maji, acha samadi kwa sasa, na hakikisha inapata jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Zile rangi, kwa kweli, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kijiua kidogo cheupe katikati.

Nina watoto wadogo na mbuzi. Oleanda inafaa?

Hapana. Ni nzuri na ngumu kufa, lakini ina sumu kuanzia jani hadi mzizi, na hata moshi wake ukiichoma ni hatari. Waridi la jangwani ni la ukoo huohuo, na utomvu wake umetumika kutia sumu mishale. Lipande mahali wasipofika, na vaa glavu unapolipogoa. Lantana nayo hudhuru mifugo na husambaa ovyo. Wewe panda bogonvilia, ila ujihadhari na miiba yake.

Udongo wangu ni mfinyanzi, maji yanatuama.

Inua tuta na upande juu yake.