Amana tunakubaliana, riba hapana

Kaka, umeuliza kama dini zote zina maadili yale yale. Nakujibu kutoka Goma, kwa niliyoyaona katika AVEC yetu, yaani chama cha kuweka akiba na kukopeshana, ya mama wauzaji wa soko la Virunga. Mimi ni Mkatoliki. Wenzangu ni Waislamu, Wakimbanguisti (wa kanisa la Simon Kimbangu wa Kongo), Waadventista na mama wa makanisa ya uamsho.

Juu ya amana hatujawahi kubishana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mama Mkimbanguisti aliyelitunza alikuwa nyumbani kwake Buhene, pembeni ya mji. Alitoa watoto na sanduku, vingine vyote vikaliwa na lava. Siku tano baadaye, mji ulipoamriwa kuhama, alilifunga mgongoni kwa kitenge, akalifikisha Sake. Tulipolifungua tulihesabu mara mbili. Hakuna franka iliyopungua. Mama Mwislamu mwenye ufunguo mmoja alisema Kurani inaamuru amana irudishwe kwa wenyewe. Hapo nilisikia dini yangu kabisa.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu ni kimoja. Mama huyo huyo hachukui faida ya mikopo. Mwisho wa mwaka tunapogawana, yeye anachukua hisa alizoweka tu, maana kwake riba ni dhambi hata tukikubaliana sote. Sisi tulimjibu kwamba faida inatoka kwetu na inarudi kwetu, nani anaonewa? Tulimchosha sana kwa swali hilo, na leo naona tulimkosea. Nilipofungua Biblia yangu, Walawi 25:36, nikakuta Mungu anakataza kumtoza riba ndugu aliyefilisika. Kumbe neno hilo lilikuwa kwetu pia, tumeliacha tu njiani.

Na mipaka haifuati dini kama watu wanavyodhani. Kwenye sherehe ya kugawana, anayekataa bia na nguruwe ni Mwislamu, Mkimbanguisti na Mwadventista, meza moja. Wakatoliki tuko upande mwingine.

Kwa hiyo jibu langu: usimwibie, usimdanganye, usimwache mwenzako kwenye moto, hayo nimeyakuta kwa wote. Namna ya kuyalinda ndiyo inatofautiana, na tofauti hiyo ni ya kweli, inagusa mfuko.

Faida anayoiacha mama Mwislamu tunaiweka kwenye kasha la mshikamano, la kusaidia mwenzetu aliyepata shida, ambalo halina riba. Mabati ya kwanza ya mama wa Buhene yalitoka humo.