Mdogo wako ana TB? Vyombo sio tatizo

Mkuu umeuliza kama mumtengee dogo sahani na kikombe, na kwamba kikohozi kimekata wiki ya tatu hii so anataka apumzishe dawa. La vyombo liacheni leo leo, TB haikai kwenye kijiko, inapita kwa hewa, mtu akikohoa au hata akiimba wale wadudu wanabaki wanaelea kwenye chumba kilichofungwa. Fungueni madirisha mchana kutwa, alale peke yake kama nafasi ipo, akikohoa azibe mdomo. Kula mle wote.

Mi nimeugua TB ya mapafu kipindi nakaa Mbagala na dozi nimemaliza. Kabla haijagundulika nilishapewa za malaria, za taifodi, duka la dawa wakanipa na sirapu, na homa inakuja jioni tu, usiku jasho mpaka shuka linakamulika, suruali zinanivuka. Hospitali nesi akanipa kikopo akasema nenda nje kule kwenye upepo, vuta pumzi ndefu kohoa toka kifuani, nataka kohozi sitaki mate. Likapimwa kwa ile mashine ya GeneXpert, ambayo inaonyesha pia kama mdudu ni sugu kwa rifampicin, moja ya dawa kuu za TB. (Morogoro wapo panya buku wa shirika la Apopo waliofundishwa, wananusa makohozi na kubaini TB, sio chai.) Vipimo na dawa ni bure vituo vya serikali, mtu akiwaomba hela ya vidonge shtukeni.

Sasa la kupumzisha dawa, hapo ndo tuelewane vizuri. Dozi ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo kidonge kimoja kina dawa nne ndani, minne inayofuata zinabaki mbili. Kikohozi kinakata mapema kwa sababu dawa zinaanza kumaliza wale wadudu wanaozaliana kwa kasi, ila kuna wengine wamejilalia tu huko kwenye mapafu na hao ndo wanaotaka miezi yote hiyo, ukikatisha ugonjwa unarudi na unaweza ukarudi ukiwa sugu, hiyo ndo wanayopelekewa watu hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro. Na subiri mwezi wa tatu uone, mwili umerudi, mtaani wanakusifia umenawiri, vidonge vinakukera ile mbaya. Mi msimamizi wangu alikuwa mama mdogo, ananikalia hapo mpaka nimeze halafu nifungue mdomo aone, nilikuwa namnunia kweli yule mama.

Mkojo ukiwa kama Fanta asishtuke, ni rifampicin hiyo. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi aseme kliniki, kuna vitamini B6 wanatoa. Ila macho yakiwa ya njano au akaanza kuona ukungu arudi siku hiyo hiyo asingoje tarehe ya kliniki. Na pombe aache kabisa, ini lina kazi tayari.

Kuhusu mtoto wa hapo nyumbani uliyesema shemeji anataka kumpeleka kwa bibi yake, asimkimbize kabla hajapimwa. Kama ana chini ya miaka 5 mpelekeni wamcheki, akikutwa hana TB wanampa dawa za kinga. Ile chanjo ya BCG aliyochomwa alipozaliwa inasaidia zaidi kuzuia TB kali za utotoni, msiitegemee peke yake. Nyie wakubwa nanyi mkacheki.

Halafu angalia kadi ya dogo, msimamizi wa dawa ameandikwa nani? Kama hamna mtu, kaandikishe jina lako kesho.