Barua kwa Mfamasia: Sanamaki ya Mama Mkwe

*Shikamoo Bi Mfamasia. Nimeolewa Tanga, huu mwaka wa pili. Kila Alhamisi usiku mama mkwe hunipikia kikombe cha sanamaki, anasema mwanamke asiyesafisha tumbo hanawiri. Tulianza na kijiko kimoja cha majani, sasa ni vitatu, na nisipokunywa napitisha siku tatu bila choo. Ijumaa iliyopita nilikwenda haja ndogo kwenye choo nilichotoka kukimwagia maji ya sabuni, maji yakageuka mekundu. Ni damu?* Mke wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na huo wekundu, maana najua ndio uliokunyima usingizi.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wa maabara alitupa majani ya sanamaki tuyachemshe na asidi, tuchuje, kisha tudondoshe amonia. Maji yaliyokuwa na rangi ya chai hafifu yakawa mekundu papo hapo, kama juisi ya rozela. Ndivyo tulivyofundishwa kuitambua jamii hii ya dawa: ikikutana na kitu chenye magadi, huiva rangi. Sehemu ndogo ya dawa hutoka kwa mkojo, na sabuni yako ikafanya kazi ya amonia ya mwalimu. Sasa jipime. Acha sanamaki siku chache. Rangi ikirudi bila wewe kuinywa, au ukiona damu kwenye choo kikubwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye kikombe. Dawa iliyomo kwenye jani ni kemikali ziitwazo antrakwinoni, nazo zimefungwa pamoja na sukari. Kifurushi hicho wakemia hukiita glikosidi, na za sanamaki zina jina lao, senosidi. Kwa sababu ya hiyo sukari, dawa hupita utumbo mwembamba bila kunyonywa na bila kufanya lolote. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huikata sukari, na hapo ndipo dawa inapoamka: huusukuma utumbo ukaze na kulegea, na huzuia maji yasirudi mwilini, choo kikawa laini. Safari yote huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana hunywewa usiku.

Mimi hilo nililijua kwa mtihani, sikulijua kwa mwili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuja nyumbani likizo, tumbo limefunga, bibi akanitilia sanamaki kutoka kopo lake la bati. Saa tatu usiku nikanywa. Saa tano kimya. Nikasema majani yamechuja haya, nikajiongezea kikombe cha pili, cha tatu. Alfajiri nikapanda basi la Dar. Konda alikuwa amepanga abiria wachimbe dawa Segera. Mimi kabla ya Muheza nilikuwa nimeshasimamisha basi mara mbili. Mara ya tatu akaniuliza, "Dada, hiyo dawa unaichimba au unaipanda?" Nilikuwa mfamasia mwenye cheti.

Kwa hiyo vijiko vitatu vyako vinanitia hofu. Kidonge cha dukani huwa na miligramu 7.5 au 8.6 za senosidi, na mtu mzima kwa kawaida huanza na viwili. Jani kavu zuri huwa na senosidi karibu asilimia 2 hadi 3, maana yake gramu moja tu inabeba miligramu 20 hadi 30. Kijiko cha mama mkwe kina gramu ngapi? Hajui, wala mimi sijui. Majani ya gunia hili na ya gunia lile hayalingani nguvu, na ukiyachemsha muda mrefu yanatoa zaidi. Si kwamba jani ni baya. Senosidi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hasa kwa wagonjwa wanaotumia mofini, ambayo hufunga choo vibaya sana. Nimewapa wagonjwa wengi nikalala vizuri.

Na hizo siku tatu unazokosa choo, mwanangu, huenda si ugonjwa. Alhamisi unamwaga utumbo mpana wote. Gunia likishamwagwa lote, lazima lijazwe upya ndipo lifungwe, na kujaa huko huchukua siku mbili au tatu. Wewe unahesabu siku, unaona umefunga, unaongeza kijiko. Zamani tulifundishwa kwamba sanamaki huufanya utumbo uwe mvivu maisha yote. Siku hizi wataalamu wengi wameilegeza hofu hiyo. Lakini kuinywa kila wiki bila sababu hupoteza maji na potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji, na wakikuchungulia utumbo kwa kamera wanaweza kuukuta umeingia weusi. Weusi huo hufifia taratibu ukiacha.

Acha wiki mbili. Kula dona badala ya sembe, maharage, papai, na maji ya kutosha. Usipopata choo siku ya tatu usishtuke. Ila ukifunga huku tumbo linauma sana, limevimba, unatapika na hata upepo hautoki, usinywe dawa yoyote ya kuendesha, kimbilia hospitali.

Kwa mama mkwe, usiende na gazeti mkononi. Mwambie daktari amekutaka upumzishe tumbo. Kama unatafuta mtoto una sababu nyingine nzuri, kwa kuwa mimba haitaki majaribio ya vijiko.

*Mambo, mtaalamu. Nimepanda alovera uani, nasaga jani zima na maganda yake kwenye blenda kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Tumbo linasokota na naharisha. Ni sumu inatoka?* Kijana wa Mwanza

Poa, mwanangu. Hakuna sumu inayotoka, kuna shubiri inayoingia. Kata jani moja pale chini, liegemeze kwenye bakuli kwa dakika kumi. Utaona utomvu wa njano unachuruzika kutoka chini ya ganda. Onja kwa ncha ya ulimi. Hiyo ndiyo shubiri ambayo bibi zetu walijipaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa, na ndani yake mna aloini, ndugu wa senosidi, mkali zaidi kwa kusokota. Ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa shubiri kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Wewe unakunywa glasi nzima! Ute, baada ya kuchuruzisha njano, kumenya na kuosha, upake ngozi iliyoungua jua. Vidonda vya tumbo kapime. Vingi husababishwa na bakteria, na vina tiba yake.

*Baba ana miaka 71, anatumia digoksini ya moyo na dawa ya kupunguza maji mwilini. Jirani amemletea unga wa sanamaki. Nimpe?* Binti wa Morogoro

Usimpe. Dawa ya kupunguza maji tayari inaweza kumtolea potasiamu, sanamaki ikimharisha itamtolea zaidi, na potasiamu ikishuka digoksini inaweza kumgeukia sumu moyoni. Mwulize daktari wake dawa nyingine ya choo. Na huo unga usiuweke kabati moja na dawa zake, mzee akiamka usiku anaweza kujihudumia mwenyewe.