Jibu: Baraza la mji kumpa mtu vyoo vya soko miaka 15 bila tenda

Mwenzangu umeuliza kama baraza lenu linaweza kumpa jamaa vyoo vya soko ajenge kwa pesa zake, akusanye viingilio miaka 15, na tenda isitangazwe kwa kuwa "serikali haitoi hata senti". Hoja hiyo nshaisikia sana huku Pemba, na haina miguu. Ardhi ni ya umma, na ile mia mbili anayotoa mama muuza mchicha kila akiingia chooni nayo ni pesa ya umma, kwa hivo ushindani lazima uwepo.

Kwanza usitumie ile sheria ya PPP (ubia wa serikali na sekta binafsi) ya bara ya 2010, wengi wanaibandika humu, manunuzi si jambo la Muungano. Sisi Zanzibar tuna yetu ya ubia ya 2015, ya manunuzi Na. 11 ya 2016, na ya serikali za mitaa Na. 7 ya 2014. Ubia si sawa na tenda ya kununua madawati, unaanza na upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama mradi utafaa, kisha nani anabeba hasara wateja wakikosekana, bei ya kuingia nani anaipanga, na mkataba ukiisha jengo linarudi likiwa katika hali gani. Hapo pa mwisho ndo huwa panarukwa, mie nshaona mkataba wa kurasa tatu, matengenezo hayajatajwa hata mara moja!

Kaombeni upembuzi na rasimu ya mkataba kupitia diwani wenu, kabla hawajasaini.