Wape jani, si picha ya kupaka rangi

Swali la wiki liliuliza: mtoto wa shule ya msingi afundishweje sikukuu ya jadi asiishie kupaka rangi tu? Jibu langu liko China, kwenye Duanwu, sikukuu ya mashua ya dragoni, siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao ya jadi (mwaka 2025 iliangukia Mei 31). Shule nyingi za huko huwafundisha watoto kufunga zongzi, yaani mchele wa kunata uliofungwa kwa majani ya mwanzi na kuchemshwa. Anzeni na hiyo. Mashua ya dragoni ya karatasi itasubiri.

Kwa watoto 40, kila mmoja na zongzi yake, kilo 2 za mchele zinatosha. Ulowekwe usiku kucha, kisha uchujwe. Majani makavu yachemshwe dakika 10, yakae kwenye maji baridi, na kikonyo kigumu kikatwe kwa mkasi, la sivyo jani hupasuka linapokunjwa. Hesabu majani 2 kwa mtoto, na 20 ya akiba. Hayo ya akiba yataisha.

Majani mawili hupandanishwa, upande laini juu, yakakunjwa kama muuza karanga anavyokunja karatasi yake. Hapo ndipo penye kazi. Ncha ya chini isipopindwa vizuri hubaki na tundu, mchele ukavuja kabla uzi haujafika. Mtoto aielekeze dirishani achungulie ndani; akiona mwanga, akunjue aanze upya. Kisha mchele kidogo, kunazi kavu 1 isiyo na kokwa, mchele tena, ila usifike ukingoni: unafura, na zongzi iliyojazwa pomoni hupasukia sufuriani. Iliyolegea nayo huingiza maji ikawa bokoboko. Sehemu ya majani iliyobaki hukunjwa kufunika juu, uzi wa pamba ukazungushwa mara 3 au 4. Wa darasa la kwanza hawezi kushika na kufunga kwa pamoja, kwa hiyo wapange wawili wawili.

Kuchemsha ni kazi ya mtu mzima: maji yazifunike zote, moto mdogo kwa muda wa saa 2. Zikiepuliwa mapema, kiini hubaki kigumu. Wadogo wakatiwe vipande, maana mchele huu hukaba koo.

Sufuria ikiwa jikoni, ndipo aingie Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu aliyejitosa mto Miluo karne ya 3 KK. Wasimulizi husema watu walitupa mchele majini ili samaki wasiuguse mwili wake. Hadithi ikitangulia, macho yote yako kwenye majani na hakuna anayesikiliza.

Muda ukibaki, shoneni vifuko vya manukato: kitambaa, majani makavu ya pakanga, karafuu chache. Ule unga wa madini mekundu uliotiwa zamani kufukuza wadudu uacheni kabisa, una aseniki.