Kaka amehamia Arusha, asilimia zimeshuka. Mkono umeharibika?

SWALI: Shikamoo kocha. Kaka yangu anacheza kikapu, nafasi ya winga. Msimu uliopita akiwa na timu ya Moshi alirusha mara 120 akaingiza 54, yaani asilimia 45. Sasa yuko Arusha, na katika mechi sita za kwanza amerusha 60, zimeingia 22, haifiki hata asilimia 37. Mashabiki wanasema amekwisha, wengine wanasingizia baridi na mwinuko. Nakutumia daftari langu la takwimu.

JIBU: Marahaba. Umefanya la maana kutuma daftari lote, maana jibu limo humo.

Asilimia unayoitumia inahesabu kikapu cha pointi mbili na cha pointi tatu kama kitu kimoja. Moshi, kaka yako alirusha za mbali, yaani za pointi tatu, 20 tu, zikaingia 6. Arusha wamemweka kona: mitupo 34 kati ya 60 ni ya mbali, na 12 imeingia. Sasa chukua vikapu vyote, ongeza nusu ya vile vya pointi tatu, kisha gawa kwa mitupo yote. Moshi unapata asilimia 47.5, Arusha 46.7. Pengo lililowatisha watu limebaki chini ya moja.

Usishangilie bado. Angalia safu ya mitupo huru, ile anayopewa mchezaji akichezewa faulo, ambayo wengi huiruka. Moshi alipewa 40, akaingiza 28. Arusha amepewa 8, akaingiza 6. Mkono ni uleule, pengine umenyooka zaidi, ila kule alikuwa akipata mtupo huru mmoja kwa kila mitupo mitatu ya kawaida. Hapa ni mmoja kwa saba na nusu. Ili kuona gharama yake, zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha jibu kwa mbili, halafu gawa pointi zake zote kwa hiyo namba. (Mitupo huru kwa kawaida huja miwili kwa shambulizi moja, lakini ni 0.44 wala si nusu hasa kwa sababu kuna ule mtupo mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuhesabiwa. Haumalizi shambulizi jipya.) Moshi: pointi 142, asilimia 51.6. Arusha: pointi 62, asilimia 48.8. Hapo ndipo kuna upungufu wa kweli, na chanzo chake ni kwamba kaka yako haingii tena ndani kugongana na mabeki.

Linganisha na James Harden, nyota wa ligi ya Marekani, NBA. Alipotoka Oklahoma City kwenda Houston mwaka 2012, asilimia yake ya kawaida ilishuka kutoka 49.1 hadi 43.8, lakini wastani wa pointi ukapanda kutoka 16.8 hadi 25.9. Alikuwa akitokea benchi, sasa mashambulizi yakawa mikononi mwake, na mitupo huru ikapanda kutoka 6 hadi zaidi ya 10 kwa mechi. Kaka yako amekwenda njia ya kinyume: kapunguziwa mpira, anasubiri pasi.

Mitupo ya karibu, 10 kati ya 26, isikukoseshe usingizi. Mitatu zaidi ingeingia, angekuwa na nusu kamili. Kwa idadi hiyo ndogo, ringi moja ngumu inatosha kuharibu hesabu.

Mwinuko? Moshi ni kama mita 900 juu ya bahari, Arusha kama 1,400. Pumzi inaweza kusumbua kidogo mwanzoni, lakini angekuwa amechoka kiasi cha kukosa, mitupo huru ingekuwa ya kwanza kuonyesha. Mimi ningehangaika zaidi na mstari wa pointi tatu. Wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, uko mita 6.75, kona 6.60, kabla ya 2010 ulikuwa 6.25, na rangi ya zamani viwanjani haijifuti yenyewe. Nenda na futi kamba, pima kutoka chini ya katikati ya ringi, uwanja wa Moshi na wa Arusha. Ukikuta tofauti ya nusu mita, hata hesabu zangu za hapo juu zinahitaji kusomwa upya.

Kuanzia mechi ijayo, kila mtupo uandikie mambo mawili: alidunda mpira kabla ya kurusha au alipokea na kurusha papo hapo, na alisimama wapi. Akifikisha mitupo 120 kama ya Moshi, ampelekee kocha wake ukurasa wa mitupo huru, amwombe apangiwe walau mashambulizi machache ya kuanzia juu ya duara, mpira ukiwa mkononi mwake.